Mganga Hajigangi: Juu ya Haki za Wanaotuokoa



Tunapozungumza juu ya haki katika huduma ya afya, kwa kawaida tunamfikiria mgonjwa: haki yake ya kupata dawa, kupokewa kwa heshima, na kutibiwa bila kuulizwa dini, kabila wala chama chake. Ni sawa kufanya hivyo, na tutaendelea kufanya hivyo. Lakini safari hii tunapenda tumtazame mtu mwingine, yule anayefika wa kwanza mahali pa ajali au pa ugonjwa wa ghafla, na kumshika aliyeumia kabla daktari hajamwona. Huyu ni mvuvi anayegeuza chombo chake kumfuata anayezama. Ni kijana wa bodaboda anayempakia mama mwenye uchungu usiku wa manane. Ni mhudumu wa afya wa kijijini, dereva wa gari la wagonjwa, muuguzi wa zamu ya usiku, askari wa uokozi, na kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu.

Wazee wetu walisema kwamba mganga hajigangi. Maana yake ni kuwa hata mwenye ujuzi wa kuwaponya wengine humhitaji mwenzake siku anapoumwa yeye. Hoja tunayotaka kuiweka mbele yenu ni hiyo hiyo. Watu hawa wanaotuokoa wana deni wanalotudai, na deni hilo halilipwi kwa sifa. Sifa tumewapa nyingi. Haki bado hatujawapa kama ipasavyo.

1. Kisiwa chetu na njia zake

Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Pemba ina watu zaidi ya laki tano, wanaokaa katika wilaya nne za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Lakini Pemba si kisiwa kimoja tu. Kandokando yake vipo visiwa vidogo vyenye vijiji vizima vya watu, kama vile Kojani, Fundo, Makoongwe na Panza. Mwenye gari na anayekaa kando ya barabara ya lami huweza kuiona hospitali kuwa iko karibu. Kwa mgonjwa wa kisiwani mambo si hivyo. Safari yake ya kwanza ni ya maji, ya pili ni ya miguu au bodaboda, na ya tatu, akibahatika, ni ya gari. Maji yakiwa yametoka, chombo hakifiki nchi kavu, na mgonjwa hubebwa begani juu ya matope na mizizi ya mikoko.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964. Barabara nyingi zimetengenezwa. Haya ni mema, na mwenye macho anayaona. Hata hivyo, jengo halitoki kwenda kumfuata mgonjwa. Kati ya mlango wa nyumba na mlango wa hospitali lazima awepo mtu wa kumbeba, na huko ndiko maisha mengi huokolewa au hupotea. Anayevuja damu nyingi huweza kufa kabla ya kufikishwa popote, kama hapana wa kulibana jeraha lake. Aliyezama huhitaji kupuliziwa pumzi mara moja, kwa sababu ubongo huanza kuharibika ukikosa hewa kwa dakika chache tu. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kungoja asubuhi. Kwa hiyo katika kisiwa kama hiki jirani ndiye mganga wa kwanza, apende asipende, awe amefundishwa au hakufundishwa.

2. Mambo mawili yaliyotufika

Hakuna mtu mzima Pemba asiyekumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja ikielekea Wete, ikiwa imejaa watu kupita kiasi pamoja na mizigo yao, na wengi wao walikuwa Wapemba wanaorejea nyumbani. Ilizama katika mkondo wa bahari mbele ya Nungwi. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Taarifa ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Januari 2012, ilitaja maiti 203 zilizopatikana na watu 1,370 ambao hawakuonekana tena. Waliookolewa walizidi 600.

Tujiulize: watu hao 600 na zaidi waliokolewa na nani? Wengine walijiokoa kwa kushikilia magodoro na majokofu yaliyokuwa yakielea. Lakini usiku ule na alfajiri ile, waliotangulia baharini walikuwa wavuvi wa Nungwi na wenye boti za kutembezea watalii na kuzamia. Walikwenda kwa vyombo vyao na kwa mafuta yao. Waliwatoa majini walio hai, kisha wakawatoa wafu, na miongoni mwa wafu walikuwamo watoto wengi. Huko mjini Unguja, katika uwanja wa Maisara, maiti zililazwa ili jamaa wapite kuzitambua. Walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kufunua nguo na kufunika tena, kutwa nzima. Baadaye wapigambizi kutoka Afrika Kusini waliitwa kusaidia, lakini kina cha maji na nguvu ya mkondo viliwashinda.

Marehemu tuliwaombea, na waliopona tukawapa pole. Je, ni nani aliyerudi kwa yule mvuvi baada ya mwezi mmoja, akamwuliza analalaje usiku? Je, ni nani aliyemwuliza mbeba machela wa Maisara kama anaweza tena kufunua shuka bila moyo kumwenda mbio?

Jambo la pili ni la karibu zaidi. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, watu walikula nyama ya kasa yenye sumu. Walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, aliyekuwa mama wa mmoja wa watoto hao, na watu wengine 78 walilazwa hospitali. Balaa kama hilo lilikuwa limekwisha kuipata Pemba mwezi Novemba 2021, ambapo walikufa watu saba, akiwamo mtoto wa miaka mitatu. Sumu ya aina hii haiondoki kwa kupikwa, na hadi leo haijapatikana dawa ya kuivunja. Kinachowezekana ni kumtunza mgonjwa, kumpa maji, kumsaidia kupumua, na kungoja mwili wake ushinde.

Hebu tuifikirie hali ya mhudumu wa afya siku kama hiyo. Analetewa watu kwa makumi, wengi wao watoto, na wengine ni watoto wa jirani zake. Amesoma, ana mikono miwili na moyo wa kusaidia, lakini hana dawa ya kumpa mtoto huyu, wala hakuna mtu yeyote duniani aliye nayo. Mzazi anamtazama machoni na kumwuliza kwa nini hafanyi kitu. Mtoto akifa, mhudumu hufunga kitabu, huosha mikono na kumgeukia mwingine. Akimaliza zamu hurudi katika kijiji kile kile chenye msiba. Daktari wa mji mkubwa huweza kuyaacha ya kazini kazini. Wa kisiwani hana pa kuyaachia, kwa sababu aliyemfia mikononi ni mtoto aliyemjua kwa jina, na matanga yake yapo mlango wa tatu kutoka kwake.

3. Jeraha lisiloonekana

Wataalamu wa afya wamelithibitisha jambo ambalo wazee walilijua kwa kuliona. Mtu anayeshuhudia vifo vya kutisha mara kwa mara hujeruhiwa moyoni, hata kama mwili wake ni mzima. Hukosa usingizi, au huota lile lile kila usiku. Huwa mkali nyumbani bila sababu, hushtuka kwa kelele ndogo, hukaa peke yake, na pengine hukimbilia ulevi au dawa za kulevya. Wengine hufa ganzi, wakawa wanamtazama mgonjwa kama gogo. Mvuvi huiogopa bahari iliyokuwa ikimlisha. Dereva hukwepa kupita mahali fulani barabarani.

Tunapaswa kusema kwa uwazi kwamba hali hii si uchawi, si shetani, wala si upungufu wa imani. Ni jeraha kama majeraha mengine. Likitunzwa mapema hupona, na likifichwa huoza. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa msiba wetu, Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao hata asiye daktari anaweza kufundishwa. Misingi yake ni mitatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kuona nani ana shida na anahitaji nini. Kusikiliza ni kumkaribia mtu na kumpa nafasi bila kumlazimisha asimulie. Kuunganisha ni kumkutanisha na jamaa zake, na huduma anazozihitaji, na wataalamu hali ikiwa nzito. Mwongozo huo unawakumbusha pia wasaidizi wenyewe kwamba wana wajibu wa kupumzika, kupokezana na kuangaliana wao kwa wao.

Hapa kuna kosa ambalo nasi huweza kulitenda kwa nia njema. Tunamzunguka mwokoaji na kumtaka asimulie yote aliyoyaona, tena na tena, tukidhani kwamba tunampunguzia mzigo. Wataalamu wanaonya kuwa kumlazimisha mtu kusimulia mara tu baada ya tukio hakumsaidii, na huweza kumdhuru. Anachohitaji kwanza ni chakula, usingizi, mtu wa kukaa naye kimya, na uhakika kwamba kesho hataachwa peke yake.

Liko pia tatizo la aibu. Hospitali maalumu ya magonjwa ya akili ya Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, Unguja, na sote tunajua jinsi jina hilo linavyotumiwa barazani kumdhihaki mtu. Katika hali hiyo, ni askari gani au muuguzi gani atakayethubutu kusema mbele ya wenzake kuwa moyo wake umechoka? Mwanamume ameambiwa tangu utoto kwamba kulia ni kwa wanawake. Mwanamke muuguzi ameambiwa kwamba akilia atawatisha wagonjwa. Kila mmoja hulimeza lake, na nyumba yake ndiyo inayolipa.

4. Hoja tunazozisikia

Wapo wanaosema: hiyo ni kazi yao na wanalipwa mshahara. Kwanza, wengi wa tuliowataja hawana mshahara wowote. Mvuvi hana mwajiri. Pili, mshahara hununua saa za kazi na ujuzi wa mtu. Haununui afya ya nafsi yake. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya mwaka huo huo. Kimataifa upo Mkataba Na. 149 wa 1977 wa Shirika la Kazi Duniani, unaowahusu wauguzi na mazingira ya kazi yao. Ikiwa sheria humkinga fundi asikatwe na mashine, haki inadai tuulize ni kinga gani anayopewa anayefanya kazi katikati ya vifo. Hata madaktari wageni wanaokuja kutusaidia huwekewa muda maalumu, kisha hupokewa na wenzao na kurudi kwao. Muuguzi mzalendo yeye hubaki pale pale mwaka baada ya mwaka, na wengine wakiugua zamu zao huongezwa juu yake.

Wengine wanasema: malipo yao yako kwa Mungu. Hilo ni kweli, nasi twaliamini. Lakini tuangalie tusimtwike Mungu deni ambalo ni letu. Mtume Yakobo katika waraka wake aliwakemea wanaomwombea heri mwenye njaa kisha wakamwacha aende bila chakula. Kumwambia mvuvi aliyemaliza petroli yake akiokoa watu kwamba Mungu atamlipa, huku sisi tunao uwezo wa kumrudishia, ni karibu na hilo.

Wapo pia wanaolalamika kwamba baadhi ya wauguzi ni wakali, wana maneno ya kuudhi, na hawastahili huruma yetu. Hatutafunika maovu. Anayemtukana mama mzazi kitandani ametenda dhambi na kosa, na inafaa aonywe na wakubwa wake. Lakini mtu mwenye busara akiona moshi hutafuta moto ulipo. Anayelala saa tatu, akahudumia wodi nzima peke yake na kulaumiwa kwa kila kifo, mwisho wake huwa mkali. Haki ya mgonjwa na haki ya muuguzi hazipingani, kwa maana mgonjwa hawezi kupata huruma kwa mtu ambaye huruma yake imekwisha kukaushwa.

Mwisho, tunaambiwa kwamba fedha hazipo. Tunaelewa kwamba nchi yetu si tajiri. Lakini tazameni mfano ulio karibu. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima Aprili 2022, huwaita madereva wa kawaida wa jamii kuwasafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga pale gari la wagonjwa lisipopatikana, na huwalipa kwa safari hiyo. Hii ni hatua ya haki. Imemtambua jirani kuwa ni sehemu ya huduma ya afya, na haikumwachia agharimie mwenyewe. Ikiwa jambo hilo limewezekana kwa dereva wa barabarani, lawezekana pia kwa mwenye mashua anayekatiza bahari usiku na majeruhi.

Tukumbuke pia yaliyotokea Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Viktoria. Watu 43 walikuwamo. 19 walikufa na 24 wakapona. Wavuvi ndio waliofika kwanza, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, akapewa zawadi ya shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulifurahi pamoja naye, kwani alistahili. Lakini zawadi humfikia aliyeonekana, na hutegemea moyo wa mtoaji. Haki humfikia kila anayestahili, ajulikane jina lake au lisijulikane, na haitegemei kwamba siku ile kulikuwa na mpiga picha. Wavuvi wengine waliovuta kamba siku hiyo nao walikuwa na mikono, mapafu na ndoto za usiku.

5. Tunavyofundishwa

Sote tunakijua kisa cha Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Tumezoea kukitumia kuwahimiza watu wasaidie. Safari hii tukisome tukiangalia gharama. Msamaria alitumia mafuta yake na divai yake, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akakesha naye, na asubuhi akatoa dinari mbili mfukoni mwake. Tena hakumwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba kumtunza mgeni ni thawabu tu. Alimlipa na kuahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kwa hiyo, ndani ya kisa kile kile kinachotufundisha huruma, limo fundisho la haki kwa anayeendelea kumwuguza majeruhi.

Nabii Eliya naye alipochoka na kazi, alilala chini ya mti jangwani akatamani kufa. Mungu hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, na baadaye ndipo akamtuma. Naye Bwana wetu, alipoona mitume wake hawapati hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, aliwachukua kando wapumzike.

Kanisa limeyafundisha haya kwa lugha ya jamii. Tangu barua ya Papa Leo XIII ya 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, hadi ile ya Papa Yohane Paulo II ya 1981 juu ya kazi ya binadamu, fundisho ni kuwa mtu ana thamani kuliko kazi anayoifanya, na kwamba pumziko na matunzo ya afya ni haki za mfanyakazi.

Sisi Wakristo ni wachache sana kisiwani Pemba, na jambo hili si letu peke yetu. Waislamu, jirani zetu na ndugu zetu, wana fundisho kubwa juu ya thamani ya kuiokoa nafsi moja, na wao ndio walio wengi miongoni mwa wavuvi, wauguzi na madereva tunaowazungumzia. Baharini hakuna aliyeuliza dini ya aliyeshika godoro. Basi na tusiulize dini ya aliyemvuta tunapolipa deni letu.

6. Yatupasayo kutenda

Kwa wenye mamlaka, yaani Wizara ya Afya, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, KMKM, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na serikali za wilaya, tunaomba kwa heshima mambo manne. La kwanza, kila mpango wa kukabiliana na maafa uwe na sehemu inayohusu matunzo ya waokoaji wenyewe: mapumziko, kupokezana zamu, chakula, na mtu aliyefundishwa wa kuwasikiliza, kwa siri, wiki na miezi baada ya tukio. La pili, uwepo utaratibu wa kumrudishia mwenye chombo gharama ya mafuta na uharibifu, na wa kumtibu bure mtu wa kujitolea aliyeumia akiokoa; na kama amekufa, watoto wake wasiachwe. La tatu, vituo vya afya vya visiwa vidogo vipatiwe maboya ya kujiokolea, machela, glovu na taa, maana ni dhuluma kumtuma mtu kuokoa kwa mikono mitupu. La nne, wavuvi, madereva na walimu wa kila shehia wafundishwe huduma ya kwanza na kukumbushwa mara kwa mara.

Lakini tusiishie kunyoosha kidole serikalini. Yapo yaliyo mikononi mwetu, na hayahitaji bajeti. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuandaa orodha ya watu wa jirani, wa kila dini, wanaofanya kazi hizi, na kuwatembelea baada ya msiba kama tunavyowatembelea wafiwa. Muuguzi akitoka zamu nzito, jirani anaweza kumpikia na kumwangalizia watoto ili alale. Katekista na viongozi wa walei wajifunze misingi ile mitatu ya kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Tukataze midomoni mwetu mzaha wa Kidongo Chekundu. Mtu akifa hospitalini, tuulize yaliyotokea kwa haki na kwa adabu, tusimrukie wa kwanza tunayemwona amevaa nguo nyeupe. Na mama zetu na dada zetu wanaobeba uuguzi mchana na nyumba usiku, waume zao na wapokee sehemu ya mzigo.

Ndugu zetu, husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiobeba tunauona mwepesi. Aliyemtoa mtoto wa mtu majini, akambeba hadi ufukweni na kumkabidhi kwa babaye akiwa amekwisha kufa, anaujua uzito wake. Tusingoje meli nyingine izame ndipo tumkumbuke. Wiki hii, kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja wa namna hii kijijini kwake, akae naye, na amwulize hali yake, kisha angoje jibu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

Je, katika shehia yetu, ni nani anayeitwa kwanza pakitokea ajali au ugonjwa wa ghafla? Tunajua majina yao?

Je, katika misiba iliyotufika, ni nani aliyetusaidia kwa gharama yake, na hadi leo hatujamrudishia chochote?

Je, tumewahi kumlaumu mhudumu wa afya kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wake? Tufanye nini ili kupatana naye?

Je, ni tendo gani moja tunaloweza kulianza mwezi huu pamoja na jirani zetu Waislamu, kwa ajili ya wale wanaotuokoa sote?